Sentimita Arobaini za Bibi Thacienne

Jembe la Bibi Thacienne lina tabia moja: likifika mpakani halijui kusimama.

Bibi ana kipande chake kwenye bustani ya mtaa pale Rooty Hill, Sydney, mita tatu kwa sita, na ukimtoa Mungu na mjukuu wake Keza hakuna anachokipenda zaidi. Alizaliwa shambani Burundi, akakaa kambini Tanzania miaka kumi na minne akilima ardhi ya watu, na sasa jioni anafua mashuka kwenye nyumba ya wazee. Hivyo vimita vyake ndiyo shamba la kwanza lenye jina lake kwenye karatasi. Yaani usicheze.

Jirani yake hapo bustanini ni Cheruiyot, nesi Mkenya, shifti juu ya shifti, anaonekana Jumamosi tu. Jumatatu mpaka Ijumaa hayupo. Unaona inakoelekea? Kila msimu Bibi akilima karibu na mpaka, jembe linateleza kidogo, kigingi kinang'oka kwa bahati mbaya, na kwa bahati mbaya vilevile anakirudishia kiganja kimoja mbele. Misimu minne, viganja vinne.

Siku Cheruiyot alipohesabu matuta yake ya sukuma wiki akakuta manne badala ya matano, alienda kuchukua tepu.

"Mathe, sentimita arobaini! Hii ni wizi, wacha nikuambie!"

"Mwanangu, udongo wa huku unatembea. Mvua hizi."

"Mvua gani inabeba kigingi?"

"Ya Sydney," Bibi akajibu, uso mkavu kabisa.

Kesho yake meseji ya kamati ikaingia: Jumamosi saa nne, kwenye banda la bustani, kesi. Na sheria ya nane ya bustani haina huruma, anayesogeza mpaka ananyang'anywa kipande, anapewa aliye kwenye foleni. Bibi akaiangalia simu, akaifunika kifudifudi mezani.

Aliyemwokoa ni Keza, bila kujua. Keza ana miaka kumi na tatu, na jioni hiyo, Bibi akiwa ofu, alikuwa anasoma kwa sauti kazi ya shule: wakulima wa Uingereza wa zamani hizo, miaka mia saba huko nyuma, wanashtakiana kwenye baraza la bwana mwenye ardhi. Huyu kalima mpaka wa yule, ng'ombe wa yule kala shayiri ya huyu.

Bibi akaacha kuchambua maharage. "Ngoja. Hao ni wazungu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wazungu walikuwa wanaibiana mpaka?"

"Kila wiki."

Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Sasa mshtakiwa anatokaje?"

Keza akashuka na kidole kwenye skrini. Mshtakiwa anakuja na majirani watano, yeye wa sita. Hawaulizwi kama waliona kitu. Wanaapa tu kwamba huyu mtu neno lake ni safi. Wakiapa wote bila kukwama, anarudi nyumbani kwake.

"Basi?"

"Basi. Ila Bibi, hapa hawasemi inakuwaje kama kweli aliiba."

Bibi hakuisikia hiyo ya mwisho, tayari alikuwa anampigia Masumbuko wa kwaya.

Jumamosi kamati ya watu watatu, mwenyekiti wao Noreen, mama wa Kizungu mstaafu wa reli, wamekaa na chai yao. Mara mlango unafunguliwa, anaingia Bibi Thacienne na watu watano, nusu nzima ya kwaya yao ya mtaa wa Blacktown, vitenge vimepigwa pasi, Keza nyuma kama mkalimani.

"Hawa ni nani?" Noreen akauliza.

"Mashahidi."

"Waliona vigingi?"

"Hapana. Wananijua mimi."

Cheruiyot akashika kichwa. Lakini Noreen, sijui kwa udadisi au chai ilikuwa bado moto, akasema haya, waseme.

Hapo ndipo mambo yakanoga, maana hakuna aliyewaambia wale watu wasizidishe. Masumbuko akaapa kwamba Mama Thacienne aliokota simu sokoni Bankstown, akakaa nayo kwenye benchi masaa matatu mpaka mwenyewe akarudi. Emérance akaapa kwamba uongo ukimkaribia huyu mama unapata homa. Wawili wa sauti ya chini wakasema amina. Wa mwisho Clarisse, machozi tayari: "Hata sukuma ya huyu kijana anayemshtaki, anaimwagilia yeye! Kila asubuhi! Na hasemi!"

Cheruiyot akageuka polepole. "Mathe... ni wewe? Mimi nilidhani ni mvua."

"Ya Sydney," Bibi akasema kwa sauti ndogo. Ukweli ni kwamba aliona aibu, mtu unayemlia ardhi huwezi kumwacha na kiu pia.

Noreen akaweka kikombe chini. "Vizuri sana. Watu watano wanasema hujawahi kudanganya. Basi sihitaji tepu, nakuuliza wewe. Ulisogeza vigingi?"

Lo! Bibi akageuka nyuma. Watano wote wanamwangalia, Masumbuko anatikisa kichwa kwa uhakika kabisa, hapana, hapana, hajasogeza. Aseme hapana, shamba linabaki, lakini amewafanya hawa wote waapie uongo.

"Nilisogeza. Sentimita arobaini."

Emérance akakaa chini kwa kishindo.

Noreen akafungua sheria ya nane. Kabla hajasoma, Cheruiyot alishasimama. "Ngojeni. Mimi nataka sentimita zangu, sitaki mathe aende. Nani atamwagilia?"

Kamati wakanong'ona. Hukumu: vigingi virudi, na kila kilichoota kwenye zile sentimita ni cha Cheruiyot. Yalikuwa maharage, yamekaribia kukomaa. Bibi aliyachuma mwenyewe akampa, anaugulia kila ganda, huku Masumbuko anamwambia, "Mama, siku nyingine tuambie kwanza!"

Wiki tatu baadaye boga la Cheruiyot likavuka mpaka, likalala katikati ya lengalenga za Bibi, ule mchicha wa kwao, boga nene la kung'aa.

Bibi akalipiga picha tatu. Kisha akaiweka simu sikioni.

"Masumbuko? Jumamosi uko ofu?"