Vidole Mgongoni

Siku sita za wiki mimi ni fundi cherehani. Nakaa kibarazani hapa Chumbageni, miguu kwenye pedali, naunga sketi za wanafunzi na kanzu za Idi. Siku ya saba nilikuwa mtu mwingine. Jumapili alfajiri nilikuwa naipiga kiki pikipiki yangu nyekundu na kutoka mjini bila kunywa hata chai, kwa sababu chai yangu ilikuwa inaningoja Tongoni, na chakula changu cha mchana kilikuwa Mwera, ng'ambo ya mto Pangani. Sikuwa na shamba huko wala mgonjwa wa kumtazama. Majirani wakiniuliza naenda wapi, nilikuwa nawajibu naenda kula, nao wanacheka wakidhani nawaficha jambo.

Mke wangu hakuwahi kupanda. Aliichukia pikipiki waziwazi. Alikuwa akisema chombo kisichoweza kusimama chenyewe mpaka kiwekewe stendi hakifai kubeba mke wa mtu. Mimi sikumbembeleza. Nilikwenda peke yangu miaka na miaka, nikarudi magharibi nikinuka moshi wa kuni na samaki, na yeye alikuwa akiniuliza swali moja tu, kama nimeshiba.

Halafu mwaka jana, Jumapili ya kwanza baada ya Idi, niko uani nafuta umande kwenye kiti, akatoka amevaa suruali ndani ya dera na viatu vya kufunga kamba.

"Leo twenda sote," akasema.

Nilifurahi kijinga. Mtu umeoa miaka thelathini, watoto wameshaondoka nyumbani, ghafla mkeo anataka kutembea nawe! Njia nzima siku ile niliimba ndani ya helmeti. Kesho yake nikamnunulia ya kwake, rangi ya maziwa, nikaishonea kitambaa laini ndani ili isiuvute mtandio wake. Kazi ile niliifanya vizuri kuliko kanzu yoyote ya bwana harusi.

Basi ikawa kila Jumapili tunakwenda wawili. Yeye anakaa nyuma, mikono mabegani kwangu, na vidole vyake havitulii. Kimoja kinagonga bega la kushoto, mara viwili vinagonga la kulia, mara vyote kumi vinanibana kwa pamoja, kisha kimya, kisha vinaanza upya. Sikuhitaji kuuliza. Mke wangu ni mtu wa tasbihi. Akipika anahesabu, akifua anahesabu, akiogopa ndiyo anazidi. Nikajua huko nyuma anamtaja Mola wake kwa pingili za vidole, na mgongo wangu ndio ushanga. Vidole vikizidi nilikuwa napunguza mwendo ili moyo wake utulie. Nilijiona mume mwema sana.

Sasa niseme nililokuwa nalificha. Miezi kadhaa kabla ya Idi ile nilikwenda kupima macho. Daktari, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, alinifunika jicho moja moja, akaninyooshea kalamu huku na huku, mwisho akaniambia ni presha ya macho. Kuona kwa pembeni kumeshaliwa. Kilicholiwa hakirudi, ila nikitia dawa kila siku kilichobaki kitakaa. Akasema niache kuendesha pikipiki, akaliandika na kwenye karatasi. Akarudia tena, taratibu, maana alinisoma usoni.

Nyumbani nikasema nimepewa dawa ya vumbi la vitambaa. Jioni ile nikachukua sindano ndogo kuliko zote nikatunga uzi mara moja tu. Kipofu gani anatunga uzi? Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu, na kila hoja nyingine iliyonijia moyoni niliitungia uzi. Jumapili nikatoka kama kawaida.

Na nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimeshaanza. Niliipenda dunia ile. Kilichobaki katikati kilikuwa kizuri mno. Barabara ilikuja kwangu peke yake, bila ya kando zake, minazi ikitokea mmojammoja kutoka pasipo na kitu. Vitu havikuja tena, vilitokea. Kanga nyekundu kwenye kamba, ikatoweka. Ng'ombe mweupe, akatoweka. Bahari ya Kigombe ikafunguka kati ya migomba miwili na kujifunga kabla sijaitazama vizuri. Nilikuwa naendesha huku nimeamka, lakini siwezi kuapa.

Tongoni tulikuwa tunasimama kwenye banda la makuti la mama mmoja mnene anayeuza chai ya tangawizi na vitumbua. Kwake nimekunywa chai tangu ndevu zangu ni nyeusi. Mwaka ule niliimwaga chai yake mara mbili kwa kiwiko, na mara zote mbili nilimkaripia kwa kuweka glasi mahali pa ajabu. Mke wangu alipoanza kufuatana nami, glasi zikawa hazimwagiki. Kila kitu kilikuwa kinakaa mbele yangu sawasawa, chai, sukari, sahani ya vitumbua. Nikasema moyoni, huyu mama sasa amejifunza kazi. Kisha namtazama mke wangu akitafuna polepole, macho yake yako barabarani, nikidhani anaonja utamu wa safari.

Jumapili ninayoikumbuka kuliko zote ilianza hivyohivyo. Tulikunywa chai, tukapita mashamba ya mkonge yaliyonyooka mistari mpaka macho yanalegea, tukafika Pangani tukaingia kwenye pantoni. Mto ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, na chombo kikawa kinasogea kana kwamba hakina haja ya kufika. Mimi nimekalia pikipiki, mke wangu nyuma yangu, na mikono yake, kwa mazoea, bado inagonga mabega yangu kila mtu akipita karibu.

Jamaa mmoja aliyeegemea gunia akasema kwa sauti, "Ama mzee weye una bahati! Bibi akukanda mgongo mpaka ndani ya pantoni!"

Watu wakacheka. Wala si cheko baya, ni la safarini tu. Lakini mimi nina kasoro hiyo, sipendi kuchekwa nikiwa nimekaa. Damu ikanipanda. Nikageuza kichwa nikamwambia mke wangu, tena kwa ukali, atulize mikono yake.

"Haya," akasema, akaiweka mapajani.

Tuliposhuka ng'ambo, Bweni, na kushika njia ya vumbi kwenda Mwera, mikono ikarudi mabegani. Ikatulia kidogo, halafu bega la kushoto likaanza. Kidole, kidole, kidole. Siku nyingine ningepunguza mwendo. Siku ile nikaongeza mafuta. Nilitaka ajue nimemkataza. Vidole vikawa vinachimba, na mimi nikakaza taya na kutazama mbele, ambako njia ilikuwa nyeupe, tupu, nzuri.

Akapiga ukelele na kunifinya kwa kucha.

Nikakamata breki bila kujua kwa nini. Pikipiki ikaserereka, vumbi likapanda, na ndani ya vumbi lile, mbele ya gurudumu langu, akatokea mzee juu ya baiskeli na mzigo wa makuti. Makuti yalinikwaruza mkono. Baiskeli ikayumba, ikalala taratibu kando ya njia, mzee akabaki amesimama na hendeli mkononi. Hakuumia. Mimi ndiye niliyeshindwa kushuka.

"Hukuniona, sheikh?" akaniuliza, bila hasira, kwa mshangao tu. "Miye natoka kule shambani kitambo, nyote mwanijia. Bibi kaniona, kaninyooshea na mkono!"

Nikamwomba radhi. Mke wangu alishuka akamsaidia kufunga upya mzigo wake, akamwombea dua, naye akatuombea, akaenda zake. Tulimaliza kilomita zilizobaki.

Pale Mwera tulikuwa tunakula kwa mwanamke ambaye babu yake aliletwa kutoka bara kukata mkonge, na ukoo wao haukurudi tena. Jumapili anapika akishatoka kanisani, gauni la ibada bado liko chini ya kanga. Ana meza mbili chini ya bati na kisamvu cha nazi ambacho mtu anaweza kuvuka mto kwa ajili yake. Akatusalimia shikamoo, akatumiminia maji ya kunawa, akatuwekea wali na kisamvu na changu wa kukaanga. Aliona nyuso zetu, akaenda kukaa jikoni.

Mimi badala ya kumshukuru Mungu nikatafuta wa kumlaumu.

"Tasbihi yako ilitaka kutuua," nikasema. "Dhikiri nyumbani. Njiani wanichanganya."

Mke wangu akaacha tonge. "Tasbihi gani?"

"Hiyo ya mgongoni. Tangu Idi wanihesabia mgongoni."

Akanitazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Baba watoto," akasema, "miye sihesabu tasbihi. Nakuhesabia mbuzi."

Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto. Bega la kushoto, kuna kitu kushoto. La kulia, kulia. Vyote kumi, kuna tuta au mtu anakata njia. Ile karatasi ya daktari aliikuta kwenye mfuko wa kanzu yangu alipotaka kuifua, imekunjwa mara nne. Akaisoma, akaikunja vilevile, akairudisha. Akangoja nimwambie. Alingoja mfungo mzima.

"Hukuniambia," akasema. "Nikaona nikikukataza utatoka kwa siri, maana nakujua weye. Na ukitoka peke yako utaua mtu au utakufa. Basi nikapanda."

Hapa ndipo ninapojionea haya mpaka leo. Nilikuwa nimeponea chupuchupu kumwua mzee wa watu saa ile ile, na swali lililonitoka halikuhusu yule mzee kabisa.

"Kwa hiyo hukupenda kuja nami?"

"Kupenda?" Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Usiku wa kuamkia Jumapili silali. Hivyo vitumbua vya Tongoni miye hata ladha yake siijui. Natafuna, nafikiri mbele kuna nini."

Nilitazama meza. Glasi yangu ya maji ilikuwa mbele yangu sawasawa, na nikakumbuka kwamba mpishi alikuwa ameiweka pembeni, kule nisikoona. Miezi yote ile glasi zilikuwa zinatembea, na mimi nilikuwa nawasifu wenye mabanda. Iliniuma. Iliniuma kuliko maneno ya daktari, kwa sababu nilizipenda Jumapili zile kuliko ujana wangu, na mwenzangu alikuwa amezibeba kama mtu anayebeba maji ya moto kichwani.

Nikatoa ufunguo mfukoni nikausogeza upande wake.

"Basi," nikasema.

Hakuuchukua. "Kwanza tufikishe nyumbani. Polepole, kama twapeleka bi harusi. Ila leo utanisikiliza."

Nikamsikiliza. Sijawahi kumsikiliza mtu hivyo. Kidole kushoto, nageuza shingo, kweli, mbuzi watatu na mtoto wao wananitazama. Viwili kulia, wanawake wenye ndoo, nao wananipungia mkono, na mimi nilidhani njia ile watu wake hawasalimii. Kwenye pantoni alinigonga mabega mbele ya watu na sikusema kitu. Baada ya Pangani jua likaanza kuegemea, minazi ikalaza vivuli kwenye lami, na kwa mara ya kwanza tangu sijui lini nikaiona barabara nzima, nusu kwa macho, nusu kwa mgongo. Ilikuwa na watu wengi kuliko nilivyokuwa nikidhani. Kando zote mbili ilikuwa imejaa watu, na nilikuwa nimewapita wote.

Tongoni hatukusimama, maana mwanga ulikuwa unapungua na mimi giza linaninyang'anya hata kile kidogo. Mama wa vitumbua alisimama mlangoni pa banda. Najua kwa sababu niligongwa bega la kushoto, taratibu, nikainua mkono kumuaga bila kumwona.

Tuliingia Chumbageni watu wanatoka msikitini. Nikaingiza pikipiki uani, nikazima, nikatia stendi. Injini ikawa inapoa huku ikilia tik tik. Nilingoja mke wangu ashuke kwanza kama kawaida, lakini hakushuka. Mikono yake ilikuwa bado mabegani kwangu, na vidole bado vinagonga, kimoja kimoja, kwa kipimo kimoja, bila haraka. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Ukuta, na ndoo ya kufulia.

"Hapa hamna mbuzi," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Sasa ndiyo nahesabu tasbihi."

Nikatulia. Sikushuka mpaka alipofika thelathini na tatu.