Vali Tatu Zilizofukiwa

Katika idara ya maji walimwita Mama Mhuri, na jina lenyewe alilipenda. Kwa miaka kumi na moja, mkandarasi akitaka kuzika kitu ardhini, iwe bomba, iwe vali, iwe nati, kwanza alileta karatasi zake mezani kwake. Yeye alizilinganisha na michoro. Zikikubaliana, anagonga mhuri. Zisipokubaliana, zinarudi zilikotoka. Wenzake walimtania kwamba hata mumewe alimposa kwa nakala tatu.

Jumanne moja alikwenda saiti kuhesabu mifuniko ya chemba. Bomba kuu jipya lilikuwa limelazwa karibu lote, na jaribio la presha lilikuwa Ijumaa. Kando ya mtaro palikuwa na vali moja ya buluu ikisubiri kushushwa. Akaiinamia kwa mazoea tu ya macho. Ubavuni, kwa namba zilizonyanyuka, iliandikwa 10.

Akafuta vumbi kwa kidole. Kumi ileile. Mchoro ulitaka vali ya kuhimili presha ya kumi na sita, maana bomba lile lilishuka kutoka tangi la kilimani na presha yake haikuwa ya mchezo.

"Hizi zimetoka wapi?" akamuuliza msimamizi wa mafundi, mtu mnene wa maneno mengi.

"Zile za mwanzo zimeadimika, dada. Tungesubiri miezi. Tukapata hizi. Vali ni vali, inafunga, inafungua."

"Nani kaziidhinisha?"

Msimamizi akamkodolea macho. "Si wewe?"

"Ngapi zimeshashuka?"

"Tatu. Na tumeshafukia."

Ofisini alilifungua jalada la mkandarasi huyo. Barua ya juu ilisema vifaa ni vilevile, kilichobadilika ni tarehe ya kuletwa tu. Lakini ukurasa wa ishirini na tatu ulikuwa wa kiwanda kingine, na ile kumi ilikuwa pale, wazi, wala haikujificha. Chini yake mhuri wake, na saini yake yenye mkia mrefu. Akaikumbuka siku ile: majalada tisa mezani, simu inalia, akaiamini barua, akagonga.

Jioni mumewe alimkuta akisugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani.

"Una nini, mama watoto?"

Akamweleza. "Nikisema, huenda nikafukuzwa."

"Na ukinyamaza?"

"Labda zitakaa miaka thelathini bila neno. Labda siku moja watu wanapita zao, vali inapasuka, lami inainuka."

"Basi na hiyo labda utalala nayo wewe. Mimi mwenzio nakoroma."

Akacheka bila kutaka, kisha machozi yakamtoka.

Asubuhi alisimama mlangoni kwa mhandisi, binti wa umri wa mdogo wake wa mwisho, mpaka katibu akamuuliza kama amepotea. Akaingia, akaweka jalada mezani.

"Mhandisi, walibadilisha vali bila kuomba. Na mhuri uliopitisha ni wangu."

Mhandisi akasoma, akageuza, akasoma tena. "Barua yao inasema hakuna kilichobadilika."

"Ndiyo."

"Na wewe hukusoma ndani."

"Sikusoma."

Jaribio la Ijumaa likaahirishwa. Mkandarasi akang'aka, akataka ile vali ambayo haijashushwa ipimwe karakanani, mbele ya wote. Mshale wa kipimo ukapanda hadi kumi na sita, vali ikatulia, kavu kabisa. Msimamizi akapiga makofi. "Kumbe tumesumbuana bure!"

Mama Mhuri alitamani ardhi ipasuke. Amejianika mwenyewe, na chuma kinamcheka.

"Leo imevumilia," mhandisi akasema. "Kiwanda kikiandika kwamba itavumilia kila siku, nitaikubali. Leteni ombi rasmi la kubadilisha, na majibu yao."

Siku sita Mama Mhuri hakula akashiba. Siku ya saba majibu yakaja, mistari miwili: vali hizo hazina dhamana kwa presha inayozidi kumi.

Zikafukuliwa zote tatu. Mtaa ukakaa wiki tano zaidi bila maji ya bomba, na wenye ndoo walimwapiza bila kumjua. Mkandarasi akapewa onyo kali. Yeye pia akapewa lake, likaingizwa katika kumbukumbu zake za kazi. Alilisoma mara mbili, hakuona neno la kubishia, akalitia saini.

Siku ya jaribio alisimama saa nzima karibu na kipimo, mikono kwapani. Mshale haukuteleza. Mafundi wakashangilia, yeye akaaga kimyakimya, akarudi ofisini, ambako majalada saba yalikuwa yakimsubiri. Hadi saa za kufunga ofisi alikuwa amemaliza moja tu, ukurasa kwa ukurasa.