Singe ya Arobaini

Harufu ya limau likikamuliwa juu ya chuma chenye kutu haifanani na harufu nyingine yoyote. Ni kali, ina uchachu unaopanda mpaka kwenye meno, na nyuma yake kuna kitu kama damu. Kila nikiinusa, hata kama ni jirani tu anasugua sufuria yake hapa Magomeni, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye sikio la kushoto. Sikio hilo ndilo lililolipa.

Mimi ni mkusanyaji wa majambia ya kijeshi ya zamani. Naam, mwanamke mzima, mama wa watoto watatu, na sebuleni kwangu kuna kabati la kioo lenye singe za Mdachi, singe za Mwingereza, na jambia moja la Kiarabu ambalo aliyeniuzia aliapa kuwa lilikuwa la askari wa sultani, nami nikajifanya nimeamini. Mama mkwe wangu akija kututembelea hulala na mlango kaufunga kwa komeo. Watu huniuliza nilianzia wapi. Nikiwaambia nilianza kwa wizi, wanacheka, wanadhani natania.

Nililelewa Kariakoo na bibi yangu mzaa baba, Bi Mwanaidi, katika nyumba yake ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Siku hizi pale pamesimama ghorofa la kuuza nguo za harusi, hata mwarobaini wa uani umekwenda. Zamani hizo Bibi alikaa chumba cha kwanza, mimi nikilala naye, na vyumba vingine akipangisha. Mpangaji wake wa miaka mingi alikuwa Mama Agnes, mwanamke mpole kutoka kusini, Mkristo, mjane mwenye wasichana wawili wadogo, aliyekaanga vibua na kuviuza pale barazani kwetu. Mtaa mzima ulijua kuwa adhuhuri imekaribia kwa kusikia karai lake likichachatika.

Bibi alikuwa na singe. Kama hujui singe, ni lile jisu askari analochomeka kwenye mdomo wa bunduki. Ilifukuliwa uani wakati babu anachimba choo, na Bibi alishikilia kuwa ilikuwa ya Mdachi, kwa sababu, alisema, Mwingereza hakuwa mtu wa kuacha kitu chake nyuma. Ilikuwa nyeusi, imeliwa na kutu, imefungwa kwenye kipande cha kaniki. Kazi yake ilikuwa moja tu. Mwanamke akijifungua, singe iliwekwa chini ya mto wa mtoto mpaka arobaini iishe, ili kuzuia vijicho na mashetani. Wengine huweka kisu cha jikoni au mkasi, lakini mtaani kwetu kisu cha jikoni kilionekana umaskini. Wanawake walikuja kuiazima hata kutoka Jangwani. Bibi aliitoa kwa heshima zote na kusema, "Chuma kilichokimbiza majeshi, shetani gani atakisogelea?"

Nikiwa na miaka kumi, mwalimu wetu alituambia darasani kuwa vitu vya vita vya zamani huwekwa makumbusho, watu huja kuviangalia. Basi, akili yangu ikaishia hapo. Nikaanzisha makumbusho yangu ndani ya katoni ya sabuni, mvunguni. Nilikuwa na kipande cha kisu kisicho na mpini nilichookota kwa wauza vyuma chakavu, kitasa cha shaba nilichodai ni cha upanga, na mshipi wa ngozi uliooza. Sharti la kuingia lilikuwa kuniamkia. Wenzangu waliinama na kusema "Shikamoo, Zuhura," nami nikaitikia "Marahaba" kwa sauti nzito. Lakini walianza kunichoka. Msichana mmoja alisema makumbusho yangu ni taka. Nikapandwa na hasira, nikaropoka kuwa Jumamosi nitawaonyesha singe ya Mdachi.

Tatizo ni kwamba singe ilikuwa kazini. Shangazi yangu Rukia alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, wa kiume, na kama desturi alirudi kwa mama yake kulelewa uzazi. Alikuwa siku ya tisa. Singe ilikuwa chini ya mto wa yule mtoto.

Nikajiambia: naiazima siku mbili tu. Shetani hajui siku.

Alhamisi alasiri Shangazi alikuwa bafuni uani akikandwa na Bibi kwa maji ya moto, kila jani la mwarobaini likitua mgongoni anapiga yowe kama anayechinjwa. Hapo ndipo pa kufanya kazi. Nilihitaji chuma cha urefu uleule nikifunge kwenye ile kaniki. Visu vya Bibi vilikuwa vitatu na alivijua kama wanawe. Barazani, juu ya ndoo, kulikuwa na kisu cha Mama Agnes cha kupasulia samaki, kirefu, chembamba, mpini wake umezungushiwa mpira wa baiskeli mwekundu. Mwenyewe alikuwa amenipa mgongo, anachochea moto. Nikakikwapua. Nikakipangusa mara moja kwenye sketi ya shule, nikaona kimesafika. Dakika mbili baadaye mtoto alikuwa amelalia kisu cha vibua, na mimi nilikuwa nyuma ya choo nimekumbatia singe.

Sasa, wenzangu mnaotaka kuanza kukusanya vitu hivi, nisikilizeni vizuri hapa, maana nitakayosema yanauma. Chuma cha zamani hakisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake. Lakini mimi nilitaka kiwameremetee wenzangu machoni. Ijumaa yote baada ya shule nilisugua kwa limau na majivu, kutu ikabanduka, nikaona alama ndogo karibu na mpini, kama taji hivi na tarakimu chini yake. Nikafurahi. Kisha nikaenda kuchukua msasa wa fundi seremala, nikasugua mpaka taji likafutika, tarakimu zikafutika, na singe ikawaka kama kijiko kipya. Ningekuwa nayo leo ile alama! Nimelia kwa mambo madogo kuliko hayo.

Jumamosi asubuhi wenzangu wakaja, wakaamkia kwa adabu, nikaitoa. Yule msichana akaigeuzageuza, akasema, "Hii si ya Mdachi. Hii mmenunua juzi dukani." Wote wakacheka, wakaenda zao kucheza rede. Nikabaki mvunguni na katoni yangu, aibu tupu.

Wakati huo, upande wa pili wa ukumbi, mambo yalikuwa yameshaharibika. Paka wa Kariakoo si paka wa kubembelezwa. Ni majibaba yaliyonona kwa matumbo ya samaki wa sokoni, hayamwogopi mtu, ukilifukuza linakutazama kwanza. Tangu Alhamisi jioni wakaanza kuja mlangoni kwa Shangazi. Kwanza mmoja. Ijumaa watatu. Jumamosi walikuwa watano, na mmoja wao, mweusi tii, kakaa dirishani anakodolea macho mto wa mtoto. Shangazi akafukiza ubani chumba kizima, hakuna aliyeondoka. Mtoto mwenyewe alilala fofofo, hakuwa na habari.

Jirani yetu Bi Chausiku, ambaye hakuna msiba wala harusi iliyompita, akaingia akahesabu paka kwa kidole. "Paka watano, chumba cha mzazi? Huo si upaka, jamani. Huo umetumwa."

Ukumbi ukajaa wanawake. Bibi akaamuru kila kitu cha kitandani kitolewe nje. Mkeka, godoro, shuka, mto. Mwisho akaleta kile kifurushi cha kaniki, akasema angalau hiki kipo. Paka wote watano wakaufuata mkono wake. Bibi akakitazama, akakipeleka puani, uso ukamkunjamana. Akafungua.

Magamba mawili yakaanguka sakafuni. Kisha kikatokea kisu chenye mpira mwekundu wa baiskeli, na hakuna mtu mtaani kwetu asiyekijua.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bi Chausiku polepole, kama anayeonja. "Bi Mwanaidi, umempa chumba, naye anakulipa paka."

Mama Agnes akaitwa. Alikuja na unga mikononi. Akaangalia kisu, akaniangalia mimi niliyekuwa nimebana nyuma ya mlango, akarudisha macho kwa Bibi.

"Kisu ni changu, mama," alisema.

"Kimefikaje chini ya mto wa mjukuu wangu?"

"Sina la kusema, mama."

Hapo minong'ono ikawa kelele. Mmoja anasema siku zote alimtilia shaka, mwingine anasema ndiyo maana vibua vyake vinapendwa kupita kiasi. Bi Chausiku akasema mtu huyu asilale hapa leo, na wanawake wakaitikia. Bibi hakuwaunga mkono, lakini hakuwakataza. Mama Agnes akageuka, akaenda barazani, nikasikia analiepua karai motoni.

Nanyi mnadhani nilisema palepale? Hata! Nilijua anafukuzwa kwa ajili yangu, nilijua kabisa. Lakini nilijua pia kuwa nikifungua mdomo singe inaondoka, na bila singe makumbusho yangu ni taka. Nikasimama pale napima, eti. Nikamwona yule Agnes mdogo anakunja mkeka wao, anauliza, "Mama, tunaenda wapi?"

Nikalia. Nililia kwa sauti iliyotisha hata paka. "Ni mimi! Mimi nimeiba, ipo mvunguni, Mama Agnes hajafanya kitu!"

Nikaileta. Sasa lo, kilichofuata! Bibi akaitazama singe inavyong'aa, akasema, "Hii ndiyo nini?"

"Singe, Bibi."

"Singe yangu ilikuwa na kutu ya heshima. Hii umeitoa wapi?"

Kumbe hata kweli yangu haiaminiki! Nikaapa, nikataja limau, majivu, msasa, nyuma ya choo. Bi Chausiku akasema mtoto amelishwa maneno. Bibi akafumba macho, akaipapasa singe kwa kidole gumba mpaka kwenye pengo dogo karibu na mpini, pengo ambalo babu alilitia kwa jembe siku ile aliyoifukua. Akafumbua macho. Akanishika sikio la kushoto, akalizungusha, nami nikazunguka nalo ukumbi mzima.

Akaniburuta hivyohivyo mpaka barazani, akamwomba Mama Agnes radhi mbele ya wote, yeye mwenye nyumba, akimshika mkono wenye unga. Mimi nikahukumiwa kupaa magamba ya vibua kila siku mpaka arobaini iishe. Karibu siku thelathini nzima! Bi Chausiku hakuomba radhi. Alichukua kibua kimoja, akala amesimama, akasema kimekosa chumvi.

Kisa hiki nimekisimulia harusini, misibani, na kwa kila mgeni aliyesimama mbele ya kabati langu. Mwaka jana nilikwenda Buguruni, anakoishi Mama Agnes sasa kwa binti yake. Amezeeka, magoti yanamsumbua. Nikamsimulia na yeye, na mbwembwe zote za paka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Kisha akasema, "Nilikuona, Zuhura. Ulipokichukua. Nikakuona unakipangusa kwenye sketi, nikajua kuna mchezo wenu wa watoto, utakirudisha."

"Sasa mbona hukusema, Mama Agnes? Siku ile, pale mbele yao?"

Akanitazama kama anatazama mtoto wa miaka kumi. "Ningesema nini, mwanangu? Mpangaji, wa kuja, amtaje mjukuu wa mwenye nyumba, na kisu chenyewe ni changu? Wangenipiga mawe. Nilikuwa nakutazama mdomo wako tu."

Miaka yote hiyo nilikuwa nasimulia habari ya paka, na habari ya kitoto kijasiri kilichosema kweli. Kumbe mwanamke mzima na wanawe wawili walikuwa wamesimama pale wanangoja mimi nifungue mdomo, na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa bado nafikiria singe.