Dola ya Mama Mkwe

Ujuaji umeniponza, nakiri. Mama mkwe wangu wa Dindira alinipa noti ya dola mia nimtunzie, zawadi ya mwanawe aliye ughaibuni. Juzi nikasikia redioni Benki Kuu imepiga marufuku matumizi ya dola. Sikusubiri mtangazaji amalize. Kwa kuogopa jela nikaitia kwenye jiko la mkaa, nikanyamaza.

Leo mama akataka tukaibadilishe benki, Korogwe. Nikaenda kifua mbele, nikijua watamkatalia. Dirishani nikamuuliza binti wa benki kwa sauti, mama asikie: "Eti dola si marufuku?"

"Marufuku ni kuuziana vitu kwa dola, kaka," binti akajibu. "Kuwa nayo si kosa. Nipeni niwabadilishie."

Mama akanigeukia, anatabasamu. "Haya baba, mpe."