Salamu ya Remigi

Beata na mumewe Remigi walikuwa mafundi wa seva ya chuo chetu hapa Msamala. Ndani ya seva hiyo moja zinaishi kompyuta nyingi za programu tu, zisizoshikika, na kila mpya ilinakiliwa kutoka kwenye templeti, yaani kiolezo, aliyoitengeneza Remigi. Ikiwaka tu, iliandika: “Beata, umekunywa chai?” maana mkewe akishika kazi husahau kula. Remigi tulimzika Hanga mwezi Machi.

Jana mimi, mkuu wao, nilimwagiza Beata apakue faili la kusakinishia mfumo mpya. Diski ikakataa, imejaa. Mimi hasira ziko karibu, nikafoka: “Futa hiyo templeti kuukuu, mama! Unaitunzia nini?”

Akaifuta. Faili likashuka taratibu mpaka likaisha.

Leo asubuhi kompyuta ya kwanza ya mfumo mpya ikawaka. Ikataka jina na neno la siri, basi. Hapo ndipo nilipoikumbuka ile salamu.

“Dada Beata,” nikasema kwa aibu, “si uyaandike tena yale maneno? Ni dakika moja tu.”

Hakugeuka.

“Nikiyaandika mimi, mkuu, nitakuwa najiuliza mwenyewe.”