Siku Mwamba Uliponyamaza

Felisita alizaliwa Ntobeye, wilayani Ngara, akasoma kwa masista Rulenge, akaolewa na Matiasi, mchimbaji wa mgodi mdogo wa dhahabu katika mapori ya Biharamulo. Huko alipata kazi ambayo hata mama yake mzazi hakuielewa alipoelezwa: aliajiriwa asikilize mawe.

Bwana Bulugu, mtaalamu wa miamba, alikuwa amepigilia vyuma ndani kabisa ya mgodi na kuvuta nyaya hadi kibanda kilichokuwa karibu na mlango wake. Felisita aliketi humo amevaa visikilizio masikioni, akifuatilia milio ya mwamba: tak, tak, kama kuni mbichi motoni. Bulugu alimweleza kwamba kila jiwe linapoondolewa, nguzo za mwamba zinazobaki huongezewa mzigo wa mlima. Hubanwa, zikajaa nguvu kama upinde uliovutwa, na ile milio ni nguvu inayotoka kidogokidogo.

"Ikizidi, niambie," alisema. "Lakini ikizidi halafu ikakatika ghafla, usihangaike kunitafuta. Toa watu."

Mwaka 1978 ulipokaribia kwisha, vita vilikuwa vimepamba moto huko kaskazini. Majeshi ya Amin yalikuwa yamevuka mpaka, na kila kijiji kiliamriwa kuchimba mahandaki ya kujikinga na ndege. Ardhi ya kijiji chao cha ujamaa ilikuwa changarawe tupu, majembe yakawa yanadunda. Ndipo mwenyekiti, mzee Idefonsi, alipoitisha mkutano akatangaza kwamba ile reli ya mgodini, iliyotumika kama kengele ya kuwaita wachimbaji, ikigongwa mfululizo, watu wote wakimbilie mgodini. Siku hiyo Felisita alikuwa zamu kibandani, na Matiasi na wachimbaji wenzake walikuwa ndani ya mgodi. Hakuna aliyekumbuka kuwaambia.

Wiki iliyofuata milio ilizidi. Bulugu alikuwa mjini akitafuta mafuta ya jenereta, maana lori la mgodi lilikuwa limechukuliwa kupeleka askari. Mchana mmoja milio ilirindima kama mvua juu ya bati, kisha ikakatika. Felisita aligonga visikilizio kwa kidole akidhani vimeharibika, akavuta waya, akasikiliza tena. Kimya. Alitoka mbio, akashika nondo na kuigonga reli iliyoning'inia mtini kwa nguvu zake zote.

Wachimbaji walianza kutoka, Matiasi miongoni mwao, vumbi limewajaa usoni. Felisita akashusha pumzi. Alipogeuka, aliona kijiji kizima kinashuka mteremko kuja mgodini. Wanawake wenye watoto mgongoni, wazee, wengine na vyungu mikononi, walimpita bila kumtazama, wakaingia gizani walikokuwa wakitoka wanaume. Nondo ilimdondoka. Mmoja alipaza sauti kwamba ndege za Amin zinakuja.

Halafu akapiga kelele kwamba hakuna ndege, kwamba mlima ndio unaovunjika. Alipaza sauti kwa Kiswahili, akarudia kwa Kihangaza, lugha ya kwao, huku akiwavuta watu kwa kanga na kwa mikono. Matiasi na wenzake walijipanga mlangoni, wakawa wanawarudisha nje. Wengi walitoka.

Leonsia, mama yake Matiasi, hakutoka. Mwaka 1972 alikuwa amenusurika mauaji ya Burundi kwa kulala ndani ya shimo, na aliposikia reli alikwenda mbali zaidi ya wengine wote. Idefonsi aliambiwa bado yumo. Alivua kofia, akampa jirani, akaingia kumfuata. Matiasi alitaka kwenda pia. Wenzake walimshika.

Hakukuwa na moto wala moshi. Ardhi ilirusha watu chini, mlio mmoja ukapita miguuni mwao, na mlangoni pakatoka upepo uliobeba mawe na vumbi. Kisha watoto wakaanza kulia.

Bulugu alirudi kesho yake, akakuta watu wamekaa kando ya mgodi. Wengine walisema Felisita amewaokoa. Wengine walisema ni yeye aliyewaita. Yeye mwenyewe alikuwa akitazama viganja vyake vilivyochubuka kwa nondo, kana kwamba ni vya mtu mwingine.

Jioni Bulugu alimweleza kwamba bado kuna nguvu kwenye mwamba, na kwamba anayetaka kutoa miili hawezi kuingia bila mtu wa kusikiliza. Hakumlazimisha. Felisita alisema hataki kuvigusa tena vile visikilizio. Ndipo Matiasi, ambaye tangu jana hakuwa amezungumza naye, akaja na kuchuchumaa mbele yake.

"Mama yangu yumo mle," alisema. "Ukisikiliza wewe, nitaingia. Akisikiliza mwingine, siingii."

Walichimbua kwa zamu siku kadhaa. Mara mbili Felisita aliwatoa wote nje kwa kutuma mtu awaite, maana reli hakuna aliyethubutu kuigusa. Leonsia na Idefonsi walipatikana pamoja, hatua chache kutoka mahali ambapo njia ilikuwa bado nzima. Mwenyekiti alikuwa amembeba mgongoni.

Waliwazika kilimani, makaburi yakielekea Ngara. Mgodi ulifungwa, na Felisita na Matiasi wakahamia Bukiriro, huko huko Ngara, kulima maharage.