Saa Moja Tu Angani

Wateja walimwita Mama Tiketi, na mtu akimuuliza habari za safari, mdomo wake ulikuwa hauna breki. "Mji wa mpakani? Kilomita mia tano na ushee. Saa moja tu! Hata soda haijaisha, umeshafika." Foleni na kungoja uwanjani hakuvitaja, mteja hauziwi foleni. Miaka nenda miaka rudi aliuza tiketi hivyo, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Mganga hajigangi, jamani.

Asubuhi moja kaka yake alipiga simu kutoka huko huko mpakani. Mama yao angefanyiwa upasuaji mchana, na alikuwa anaogopa.

"Mpe simu," alisema Mama Tiketi. Ulimi ulishazoea. "Mama, usiingie bila mimi. Ni saa moja tu, nakuja kukushika mkono."

Saa moja! Teksi ilikwama barabarani mpaka dereva akazima injini. Uwanjani alivua viatu, akavaa, akaambiwa vua na mkanda. Akakaa, akasimama, akaenda kuukodolea macho ubao wa safari, akarudi akakuta kiti chake kimekaliwa. Mara ikatangazwa kwamba ndege imechelewa. Abiria mmoja akamgeukia.

"Si wewe uliyeniambia hata soda haitaisha?"

Mkononi alikuwa na chupa tupu. Mama Tiketi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Angani kweli walikaa saa moja, roho ikiwa juu kuliko ndege yenyewe. Walipotua, akakumbana na foleni nyingine, teksi nyingine, na barabara ndefu, maana uwanja wa kule uko mbali na mji. Alimpigia kaka yake, simu haipatikani. Alimhimiza dereva mpaka dereva akaongeza sauti ya redio.

Jua lilikuwa linazama alipoingia wodini akihema. Alijua amechelewa. Alichoogopa ni kumkuta mama yake ametoka chumba cha upasuaji katika hali mbaya, au hakutoka kabisa.

Alimkuta amekaa kitandani, macho makavu, bado kavaa gauni la upasuaji. Kaka mtu alikuwa ameegemea ukuta, kanuna.

"Kagoma kuingia," alisema kaka. "Nesi akija, anaambiwa mwanangu yuko njiani, ni saa moja tu. Akirudi, jibu lile lile. Zamu kapewa mwingine. Daktari kaondoka, mpaka wiki ijayo."

"Usimgombeze mdogo wako," alisema mama, akikunja uso kwa maumivu. "Yeye ndiye anayezijua ndege."

Mama Tiketi aliangua kilio. Wiki nzima ya maumivu, na kaisababisha yeye kwa maneno ya dukani. Akaushika ule mkono aliouahidi. Ulikuwa wa moto.

"Nisamehe mama. Nakwenda kumtafuta huyo daktari, sasa hivi narudi, dakika..."

Mama akaukaza mkono.

"Usinitajie dakika," alisema. "Kaa."